Shamba la Makutupora na Hoja Zisizosimama Pamoja

Oktoba 2016, katika kituo cha utafiti cha Makutupora nje kidogo ya Dodoma, kituo ambacho wengi wanakijua kwa zabibu, lilianza jaribio la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba (GMO). Mahindi hayo yalikuwa na kinasaba kilichotolewa kwa bakteria ili mmea ustahimili ukame. Mradi uliitwa WEMA, ukiratibiwa na taasisi ya AATF ya Nairobi, na teknolojia ilitoka kampuni ya Monsanto ya Marekani. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo, Mhandisi Mathew Mtigumwe, aliagiza jaribio lisimame na masalia yake yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kusitishwa kwa majaribio ya GMO nchini. Wapo wanaosema siku hizo Tanzania iliokolewa. Hoja zao nimezisoma kwa makini. Msomaji, wewe ndiye hakimu: zipime moja moja, kisha ziweke pamoja uone kama zinaelewana.

Wanasema serikali ilifunga jaribio kwa sababu iligundua hatari. Sivyo. Agizo la 2018 lilikuja baada ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kutangaza matokeo bila idhini. Hilo ni kosa la utaratibu, na taasisi ya umma inayovunja utaratibu katika jambo zito kama hili inastahili kuwajibishwa. Lakini mtafiti aliyesema kabla ya kuruhusiwa ni jambo moja, na punje yenye sumu ni jambo jingine. Agizo lilihusu la kwanza. Anayelitumia kuthibitisha la pili anaongeza maneno ambayo hayamo.

Wanasema pia kwamba utafiti wa kutosha haujafanyika, hasa katika mazingira yetu. Hii ni hoja ya heshima. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kama milimita 570 kwa mwaka, na huweza kukatika wiki tatu mahindi yakiwa yanachanua. Matokeo ya Marekani hayatuambii kitakachotokea Chamwino au Bahi. Nakubali kila neno. Ila mtu mwenye hoja hii alipaswa kuwa wa kwanza kulilinda shamba la Makutupora, kwa sababu hapo ndipo swali lake lilipokuwa linaulizwa, ndani ya ua, kwa kibali, na kwa sharti kwamba mavuno hayaliwi bali yanaharibiwa. Huwezi kudai ushahidi wa nyumbani asubuhi, na jioni ukashangilia kuchomwa kwa chanzo chake. Kati ya madai hayo mawili, moja lazima liachwe.

Kisha huja picha za panya wenye uvimbe. Zimetoka katika utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Septemba 2012, ambao uliitikisa Kenya hadi ikapiga marufuku uingizaji wa GMO Novemba mwaka huohuo. Panya waliotumika ni wa aina inayoota uvimbe yenyewe ikizeeka, na kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa jinsia moja. Novemba 2013 jarida lililoichapisha makala hiyo liliiondoa, likisema matokeo hayatoshi kufikia hitimisho. Haki inanitaka niongeze kwamba jarida halikumtuhumu mwandishi kwa udanganyifu, na kwamba jarida jingine liliichapisha upya 2014. Lakini kuchapishwa upya hakukuongeza panya hata mmoja. Na mwaka 2016 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani, baada ya kupitia mamia ya tafiti, hazikuona ushahidi uliothibitika kwamba vyakula hivi vinahatarisha afya kuliko vya kawaida.

Wanasema mbegu za GMO hazioti zikipandwa tena. Wanasema pia zitasambaa na kuchafua mbegu zetu zote. Mbegu isiyoota haisambai. Wachague moja. Teknolojia ya kuifanya mbegu kuwa tasa ilipewa hataza Marekani mwaka 1998, wala haijawahi kuuzwa kwa mkulima popote.

Silaha yao kubwa zaidi ni Afrika Kusini. Oktoba 2018, wanakumbusha, nchi hiyo ilikataa ombi la Monsanto la kuuza mahindi yenye kinasaba hichohicho cha ukame kilichounganishwa na vingine, na Septemba 2019 Waziri wa Kilimo wa huko, Thoko Didiza, alikataa rufaa. Ni kweli kabisa. Lakini tazama sababu: takwimu zilizowasilishwa hazikuonyesha kwamba mahindi hayo yanatimiza ahadi ya kustahimili ukame na wadudu. Takwimu hizo zilitoka mashambani. Afrika Kusini ilipanda, ikapima, ikaona ahadi haitimii, ikaiambia kampuni kubwa hapana huku ikishika karatasi mkononi. Hiyo ndiyo nguvu niliyotaka nchi yangu iwe nayo. Wala sifichi kwamba huenda Makutupora nayo ingetoa jibu hilohilo. Hata Marekani nyongeza ya mavuno wakati wa ukame ni ya asilimia chache. Kukataa kwa vipimo kunamfunga mdomo mwuzaji. Kukataa kwa kuteketeza kunamwachia nafasi ya kurudi kesho na ahadi ileile, nasi hatuna cha kumjibu. Anayeitaja Afrika Kusini ameleta mahakamani shahidi wa upande wangu.

Sasa tuje kwenye hoja inayonigusa kuliko zote: kwamba chakula chetu cha asili ni salama, na hatari inatoka nje. Juni hadi Novemba 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Walikula mahindi ya kawaida, mengi yakiwa yametoka mashamba yao wenyewe, hayana kinasaba cha mtu yeyote wa Marekani. Ugonjwa ulikuwa wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto. Oktoba ya mwaka huo, katika mkoa huohuo wa Dodoma, taifa lilikuwa linabishana kuhusu shamba lenye ua ambalo mavuno yake hayakupaswa kugusa sufuria ya mtu. Na Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, ilitaja sumukuvu. GMO haikutajwa.

Wapinzani hujibu kwamba sumukuvu ni suala la ghala tu: anika vizuri kwenye turubai, hifadhi pakavu, mambo yameisha. Hapana. Kuvu huanza kazi shambani, hasa mahindi yanapopigwa na ukame wakati wa kujaza punje na wadudu wanapotoboa gunzi. Ukame na wadudu: matatizo mawili ambayo mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalitengenezwa kukabiliana nayo. Sidai kwamba yangeondoa sumukuvu. Kuhusu fumonisini, mojawapo ya sumukuvu, mahindi ya Bt, yenye kinasaba cha kuua wadudu, yameonyesha nafuu ya wazi. Kuhusu aflatoksini, sumukuvu nyingine, matokeo yanatofautiana mahali na mahali, na dawa ya kibayolojia ya Aflasafe huenda ikamfaa zaidi mkulima wa Kongwa. Ninachodai ni kwamba anayezungumzia usalama wa chakula Dodoma bila kuitaja sumukuvu, huku akitaja vinasaba kila sentensi, hajaiangalia Dodoma.

Imebaki hoja yao bora: kwamba makampuni yatamfunga mkulima, na kwamba nyanda hizi za Dodoma ni za mtama na uwele, si za mahindi. Sehemu ya kwanza inahusu mikataba, na mikataba inastahili ukali wote. Lakini mkulima wa Kibaigwa anayepanda mahindi chotara hununua mbegu dukani kila msimu tangu zamani, kwa kuwa chotara ikirudiwa hupungua nguvu. Utegemezi huo ulikuwapo kabla ya Makutupora na haukuondoka nayo.

Kuhusu mtama, mimi na wao tuko upande mmoja. Uwele na mtama ndivyo vilivyowalisha Wagogo wa Dodoma kabla mahindi, ambayo asili yake ni Meksiko, hayajafika kwenye vihenge vyao. Familia nyingi hazijayaacha mahindi kwa sababu ngumu: kwelea kwelea wanaomaliza shamba la mtama kwa siku chache, kazi ya watoto kushinda juani wakifukuza ndege, na soko linalolipa mahindi haraka zaidi. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyotatuliwa kwa kufunga jaribio. Kituo cha Hombolo kinachotafiti mtama na uwele kiko chini ya TARI ileile, katika mkoa uleule. Anayesema Makutupora ilifungwa kwa faida ya mtama atuonyeshe ni shilingi ngapi zilihamia Hombolo siku masalia yale yalipoamriwa kuchomwa.