Anayetafuta Tumwiteje?

Wamalay wana neno usaha. Asili yake ni Kisanskriti, utsaha, yaani ari na juhudi, nalo lilivuka bahari zama ambazo lugha hiyo ilikuwa ya dini na ya dola huko Asia ya Kusini-Mashariki. Leo limebeba mawili kwa pamoja: jitihada na biashara. Mwanafunzi anayekesha na vitabu ana usaha, mwenye duka naye ana usaha. Kampuni kwa Waindonesia ni perusahaan. Mjasiriamali kwa Wamalaysia ni usahawan.

Nimelitaja kwa sababu toleo hili linahusu watu wa Kigoma na Ujiji na namna wanavyopata riziki, na karibu kila makala iliyotufikia ilijaa neno mjasiriamali. Tumelifuta mahali pengi. Waandishi wetu wana haki ya kujua kwa nini.

Sisi jitihada na biashara tumezitenganisha. Biashara, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuuza na kununua, basi, jasho halimo. Bepari alitoka Uhindini, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado ilimjua kama mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 akawa mnyonyaji, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mwenye magunia ya sukari uvunguni hakulala. Upepo ulipogeuka, likahitajika neno lisilo na doa. Ndipo akaja mjasiriamali, jasiri wa mali. Neno zuri, kwa mwenye mali ya kuitia hatarini.

Sasa nenda kwenye mialo ya Katonga au Kibirizi asubuhi, mwezi ukiwa gizani. Mitumbwi imerudi, taa zimezimwa, na kazi ya akina mama ndiyo kwanza inaanza. Dagaa wanaanikwa kwenye vichanja, au mchangani kwa asiye na kichanja; wanageuzwa, wanachambuliwa, wanalindwa dhidi ya kunguru. Macho yako mawinguni. Mvua ikiwahi kabla hawajakauka, mzigo uliokuwa usafiri hadi Dar es Salaam kwa jina la dagaa wa Kigoma unaishia kwa wafuga kuku, kwa bei ya kutupa. Na wapo waliouchukua kwa mali kauli, kwa hiyo deni linabaki palepale. Huyu mama ametia mtaji gani? Mgongo wake. Muulize anafanya nini, atakwambia anatafuta, au kwamba yuko kwenye shughuli. Shughuli, jamani: kazi, biashara, mahangaiko, na Jumamosi ni harusi. Usaha ya Wamalay haijafika huko.

Ujiji yenyewe imesimama juu ya migongo. Vitabu vimetuhifadhia majina ya kina Tippu Tip na Mwinyi Kheri, kwa kuwa pembe za ndovu zilikuwa zao. Wapagazi waliozitwika kutoka ziwani hadi pwani, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, wengi hatuwajui hata kwa jina moja. Biashara iliandikwa, jitihada ikasahauliwa. Tabia hiyo haijatutoka. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulipositishwa ili kulipumzisha Ziwa Tanganyika, ilikuwa rahisi kusema kwamba biashara ya dagaa imesimama. Ziwa lilipumzishwa, matumbo hayakupumzishwa.

Najua neno tulilolifuta lina mlango wake. Mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haitolewi kwa anayejieleza kwamba "anatafuta". Fomu ina Kiswahili chake, na anayeijaza simlaumu. Jarida halitoi mikopo, kwa hiyo halina haja ya kuzungumza kama fomu.

Mwandishi mmoja tulishindwana. Kwake, mama wa sokoni akiitwa mjasiriamali anasimama wima zaidi mbele ya ofisa, na sisi tunaojidai kumtetea tunamnyang'anya cheo. Hoja yake si nyepesi. Makala yake imechapwa kama alivyoileta, neno lake likiwa ndani, na safari hii ndiyo inayotangulia.