Shetani Hana Ngoma Yake

Limeenea katika semina za vijana, hapa Dodoma na kwingineko, somo liitwalo "muziki wa shetani". Mwalimu hupiga dakika mbili za gitaa za umeme zinazonguruma na mtu anayepiga mayowe, kisha huuliza: "Mnamsikia?" Vijana huogopa, huombewa, hurudi nyumbani. Sisi tunaowaandaa wachungaji tunalipinga somo hilo. Ladha ya muziki huo haituhusu. Kinachotuhusu ni kwamba linafundisha theolojia mbovu.

Tuanze na ukweli wenyewe. Muziki unaotajwa zaidi ni ule wa roki uitwao metali nyeusi. Nyuzi hupigwa haraka bila kupumzika, ngoma hukimbia kama bunduki ya rashasha, mwimbaji hupiga mayowe, na sauti hurekodiwa makusudi ili ikwaruze. Huko Norwei, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wapigaji wake walitangaza chuki dhidi ya Ukristo, na chuki ikawa moto. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketea, na makanisa mengine yakafuata. Wanamuziki kadhaa wa mtindo huo walihukumiwa kwa uchomaji wa makanisa. Wengi wa nchi ile ni Waluteri wenzetu. Hatulifanyii mzaha jambo hili.

Lakini gitaa halina mikono ya kuwasha kiberiti. Walioshika kiberiti walikuwa watu, na mahakama iliwahukumu watu.

Tazameni mtindo huohuo ulikofika. Brooklyn, Marekani, kuna bendi iitwayo Liturgy, yaani Liturgia. Mwaka 2009 kiongozi wake aliwasilisha insha akitaka ngoma ya metali nyeusi iache kukimbia kwa kasi moja tu. Ipande na kushuka, ili muziki utoke katika kukata tamaa na kuelekea uzima. Kiongozi huyo huzungumza waziwazi habari za Mungu. Hatusemi theolojia yake ni yetu. Tunasema mayowe yaleyale yaliyobeba laana yanaweza kubeba kiu.

Tuje karibu zaidi. Nairobi wametoka vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliounda kundi la Duma. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa Kikikuyu, duma maana yake ni giza. Mwalimu wetu wa semina akisikia hivyo, atafunga mjadala. Afungue kwanza Zaburi ya 88. Mwombaji analia tangu mwanzo, hapati jibu, na zaburi inaishia gizani. Kanisa halikuiondoa katika Biblia. Kijana aliyezika mama yake, au anayezunguka na vyeti mwaka wa tatu bila kazi, anakuja kwetu na kilio, nasi tunampa pambio la kuruka. Akienda kulia kwingine, tunasema amepagawa.

Tena sisi wa Ugogo tungepaswa kuwa wa mwisho kuhukumu ngoma kwa mlio wake. Wamisionari wengi wa mwanzo katika nchi yetu walisikia ngoma wakadhani wamesikia upagani wenyewe. Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo iliyohusiana na unyago wa wasichana, ilitazamwa kwa jicho hilo. Leo midundo yake inasikika makanisani, na akina mama wanamsifu Kristo kwayo. Je, shetani alihama ngoma ile, au hakuwamo? Na wimbo wetu wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", ambao Mchungaji Bernard Kyamanywa aliutunga katika miaka ya 1960, umesimama juu ya sauti ya Kihaya. Hata tarumbeta tunazojivunia katika sharika zetu, ndugu zake zimewaongoza askari vitani. Luther alimwandikia mtunzi Ludwig Senfl mwaka 1530 kwamba muziki unafuata mara baada ya theolojia kwa heshima. Hakuweka kando ala fulani na kumwachia Ibilisi.

Mtatuuliza: basi kila kitu ni sawa? La hasha. Nabii Amosi anatupa kipimo. Mungu alizikataa nyimbo za Israeli, akaziita kelele, na hizo zilikuwa nyimbo za ibada, zenye vinanda vizuri. Alizikataa kwa sababu haki haikuwamo katika nchi. Kwa kipimo hicho, wimbo wa chuki uhukumiwe, uwe wa mayowe au wa kubembeleza. Na wimbo mtamu wa injili unaomwahidi mjane gari akitoa sadaka yake ya mwisho, nao uhukumiwe. Huo wa pili unapigwa kwenye vipaza sauti vyetu kila juma, wala hakuna semina dhidi yake.

Tunawaomba wachungaji na wainjilisti waliondoe somo hilo. Mahali pake wafundisheni vijana kuuliza: wimbo huu unasema nini juu ya Mungu? Unanifundisha kumtendea nini jirani? Anayelia humo, analilia nini? Swali la tatu wachungaji tulisikilize kwa makini, maana mara nyingi anayelia ni mtoto wa usharika wetu.