Violoni zisizopumua: studio za Kalemie zinazika sauti za korale

KALEMIE — Wiki chache kabla ya Noeli, na tena kabla ya Pasaka, korale nyingi za hapa mjini zinaanza kuchangishana franga ili ziingie studio. Mama anayeuza samaki wakavu sokoni anatoa yake, mwanafunzi anatoa yake, motari anatoa alichobakisha baada ya esansi. Mazoezi yanachukua miezi. Maestro anagombeza soprano, anabembeleza besi, mpaka sauti nne zinashikamana. Kisha wimbo unatoka, unapita kutoka simu hadi simu, kutoka Kataki hadi Lubuye, na kitu cha kwanza kinachosikika ni ukuta wa violoni ulionyooka kama reli. Violoni hazipandi, hazishuki, hazipumui. Nyuma yake, mbali kabisa, ndimo walimofichwa waimbaji waliolipa.

Jambo hili halifai kunyamaziwa kwa sababu tu wanaolifanya ni watoto wa mji wanaojitafutia maisha. Pesa ya korale ni pesa ya jasho. Kazi iliyolipwa inapashwa kufanywa.

Wako wanaoilaumu mashine. Hao wamegonga mlango usio wao. Sauti ya violoni iliyo ndani ya klavie au kompyuta haikuzaliwa na mashine. Kuna mtu mwenye mikono na upinde aliyeketi mbele ya mikro akapiga noti moja polepole, akairudia kwa nguvu, akaenda kwa noti ya pili, na kila noti ikahifadhiwa peke yake. Hizo ndizo zinazoitwa sampuli. Kampuni ya Vienna Symphonic Library ya huko Austria ilianzishwa na Herb Tucmandl, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga selo. Kwa hiyo kilichomo ndani ya mashine kilikuwa hai kilipoingia. Kinauawa hapa, wakati wa kukitoa.

Tena umaskini si sababu. Sampuli za piano zinazoitwa Salamander zilirekodiwa kwenye piano kubwa ya Yamaha, kila noti iliyorekodiwa ikiwa na ngazi 16 za nguvu ya mguso, na zinatolewa bure. Sonatina Symphonic Orchestra, mkusanyo wa vyombo vya orkestra, ni wa bure pia. Megabaiti zinauma, ndiyo, lakini zinanunuliwa mara moja, na kisha flash moja inazunguka studio zote za mji, kama vile programu zenyewe zinavyozunguka.

Tuseme kinachofanyika. Fundi anachagua sauti ya violoni kwenye klavie, anaweka mikono miwili kama mtu anayepiga piano, anabonyeza akodi ya noti sita au saba, anashikilia mpaka akodi inayofuata, na anaendelea hivyo hadi mwisho wa wimbo. Dakika tano, amemaliza. Wengine hawagusi hata klavie: wanachora noti kwa mausi katika FL Studio, zote zikiwa na nguvu ileile, zote zikiangukia palepale penye pigo. Programu hiyo, iliyotengenezwa Ubelgiji, ina nafasi ya kubadilisha nguvu ya kila noti, chini tu ya noti zenyewe. Ni kushusha macho.

Violoni ina nyuzi nne: Sol, Re, La, Mi. Haishuki chini ya ile Sol. Na upinde una urefu wake. Ukifika mwisho, mpigaji anageuza mkono, na hapo sauti inapungua kidogo kabla ya kujaa tena. Huko ndiko kupumua kwa violoni. Soprano akishikilia sauti moja ubeti mzima bila kuvuta hewa, maestro angesimamisha mazoezi na kumwitia munganga. Kwa nini violoni iruhusiwe?

Na hapa ndipo kosa linapouma zaidi, maana jibu limeketi mbele ya fundi, kwenye benchi, linangoja kuimba. Korale ina soprano, alto, tenori na besi. Orkestra ina violoni za kwanza, violoni za pili, alto, selo, na kontrabasi inayofuata selo oktava moja chini yake. (Kwa Kifaransa ile violoni kubwa kidogo inaitwa alto, jina lilelile la sauti ya akina mama. Wafaransa waliliona jambo hilo zamani.) Maestro yeyote anayeandika do-re-mi za sauti nne ubaoni tayari ameandika orkestra ya nyuzi. Kinachobaki ni kumpa kila mmoja njia yake: kurekodi violoni za kwanza peke yake, noti moja moja, kama mtu anayeimba, kisha za pili, kisha alto, kisha selo. Mara nne. Inachukua muda, na ni kweli kwamba umeme wa Bendera haumngoji mtu, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Ukizipiga moja moja, mambo mengi yanajirekebisha bila hotuba. Noti za chini zinaachana, za juu zinakaribiana, na ule uji mzito wa mkono wa kushoto unaondoka. Vidole havianguki sawasawa kila mara, na hiyo ndiyo sauti ya watu wengi waliokaa pamoja. Mkono wa kushoto unabaki huru kusukuma lile gurudumu dogo pembeni ya klavie, ambalo katika sampuli nyingi za nyuzi linaongeza na kupunguza nguvu ndani ya noti iliyokwisha kuanza. Wimbo ukipanda, gurudumu linapanda. Maneno yakiisha, linashuka. Klavie nyingi zina gurudumu hilo, na katika studio nyingi linabaki na vumbi.

Kuna mawili mengine ambayo fundi anapashwa kujua. Kwanza, sampuli za violoni zinazopigwa polepole zinachelewa kufunguka. Noti ikiwekwa juu kabisa ya pigo, sikio linaisikia imechelewa. Isogezwe mbele kidogo, ianze kabla ya pigo. Pili, noti moja ikirudiwa haraka kwa sampuli ileile, inatoa mlio wa bunduki, ta-ta-ta-ta. Mji huu umesikia bunduki za kutosha. Sampuli nzuri zina rekodi kadhaa za noti moja ili zipokezane, na zisipokuwa nazo, walau nguvu ya kila mguso ibadilike.

Piano nayo ina kesi yake. Ndani ya piano ya kweli kuna nyundo inayogonga nyuzi. Ukibonyeza taratibu, sauti inapungua na pia inakuwa nyeusi zaidi, ya duara; ukibonyeza kwa nguvu inang'aa. Tangu MIDI ilipokuja mwaka wa 1983, kila mguso unaandikwa kwa namba isiyozidi 127, na namba hiyo ndiyo inayoamua ni rekodi gani itachezwa. Fundi anayeacha noti zote kwenye namba moja, kisha akapandisha au kushusha sauti ya jumla, anapata piano kali iliyo mbali au piano kali iliyo karibu. Piano laini haipati kamwe. Pedali ni vilevile: inaachiwa na kukanyagwa upya akodi inapobadilika. Mguu ukisahauliwa juu yake, akodi tano zinalala kitanda kimoja.

Jibu la mafundi wengi linajulikana: watu wa Kalemie wanasikiliza kwa simu, nani atajua tofauti? Jibu hilo linamdharau msikilizaji, na hata kwa upande wa ufundi halisimami. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi. Ngoma kubwa inapotea, gitaa la besi linapotea. Kinachobaki ni katikati na juu, yaani sauti za watu, piano na violoni. Simu inaondoa vyote ambavyo vingeweza kulificha kosa, kisha inalisukuma sikioni. Na yule mama wa kiti cha nyuma kanisani, ambaye hajui hata jina la noti moja, anajua korale ikiwa imechoka. Anajua mpiga klavie akiwa amechelewa. Hatajua kueleza kwa nini wimbo ule wa studio haumtoi machozi kama ulivyomtoa Jumapili. Lakini hautamtoa.

Kosa la chumba ni jepesi kurekebisha, kwa hiyo halina udhuru hata kidogo. Waimbaji wamerekodiwa katika chumba kidogo chenye mablanketi ukutani, violoni zilirekodiwa katika ukumbi mkubwa huko Ulaya, piano haina chumba chochote. Vyote vinaunganishwa hivyo hivyo. Vipitishwe katika mwangwi mmoja, waimbaji kidogo, violoni zaidi, ukali wa juu wa violoni upunguzwe ili zikae nyuma ya watu. Nyuma ya watu, si mbele.

Kuhusu metronomo: maestro anaongoza kwa mkono, na mkono wake unapunguza mwendo pale penye neno zito. Fundi anamfunga kwenye mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Programu zinazotumiwa zinaweza kubadilisha mwendo katikati ya wimbo. Kwanza irekodiwe korale ikiongozwa na maestro, na mashine ifuate.

Wapo wazee wanaosema dawa ni moja tu, kuacha mashine na kutafuta vyombo vya kweli. Wana mfano mkubwa. Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste ilianza mwaka wa 1994 chini ya Armand Diangienda ikiwa na violoni chache ambazo watu walipokezana, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Mwaka wa 2010 filamu ya Kinshasa Symphony iliwaonyesha kwa dunia. Heshima kwao. Lakini kuiambia korale ya Kifungo ingoje violoni ishirini ndipo irekodi ni kuiambia inyamaze.

Mfano unaoifaa zaidi Kalemie uko karibu, na unawasuta watu wa klavie na pia komite za korale. Mwaka wa 1958 huko Kamina, mji ambao reli yetu inauelekea ikipitia Kabalo, padri Guido Haazen na korale yake ya Troubadours du Roi Baudouin walitoa Missa Luba: sauti za watu na ngoma, bila piano, bila violoni. Ilizunguka dunia. Na Joseph Kiwele, mtunzi na mpiga ogani wa Elisabethville, alizaliwa Mpala, hapo kandokando ya ziwa kwenye njia ya Moba. Jimbo hili si jangwa la muziki. Hakuna aliyelazimisha violoni ziwekwe kila mahali.

Kwa maana lawama haziishii kwa fundi. Ni komite inayokuja studio ikitaka wimbo ujae. Ni viongozi wanaodhani vyombo vingi ni baraka nyingi. Fundi akiacha ubeti wa kwanza ukiwa na sauti na piano tu, anaambiwa hajamaliza kazi. Basi anamwaga violoni, na wote wanarudi nyumbani wakiwa wameridhika, isipokuwa wimbo.

Kabla ya Pasaka ijayo, korale ziingie studio na masharti. Nusu ya pesa ilipwe baada ya kusikiliza, kwa simu na kwa spika kubwa, maestro akiwepo. Violoni zipigwe sauti moja moja. Mahali ambapo tenori wanaimba peke yao, nyuzi zinyamaze. Akipatikana mtu mmoja wa kupiga violoni ya kweli, au hata filimbi, arekodiwe juu ya zile za mashine; mkono mmoja wa kweli unazifanya nyingine zote ziaminike. Na mwisho wa kazi korale isipokee wimbo uliokamilika tu. Iombe sauti za waimbaji peke yake na faili za MIDI za piano na nyuzi, ili siku violoni za kweli zitakapofika mjini, noti ziwe tayari na waimbaji wa leo wasihitaji kurudi studio. Ziwekwe kwenye flash mbili, moja kwa maestro, nyingine kwa katibu.