Tunapima Dhahabu, Habari Hatuipimi

Hapa Chunya hakuna apokeaye dhahabu kwa maneno matupu. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa nchini mwaka 2019, mchimbaji wa Matundasi au Makongolosi hufikisha mzigo wake sokoni, ukapimwa uzito na usafi, ndipo bei itajwe. Anunuaye bila kupima tunamhesabu mpumbavu. Lakini jioni, simu ikiwa mkononi, twapokea habari inayogusa heshima ya mtu na kuirusha kwenye makundi matatu kabla hatujaisoma hadi mwisho.

Ndugu wasomaji, simu haikutuzulia pupa hii, imeidhihirisha tu. Maneno ya barazani yalipeperuka. Ya simu yamehifadhiwa, pamoja na saa yalipotumwa. Ni daftari tuliloliandika wenyewe, na Sayyidna Umar (r.a.) alituhimiza tujihesabu kabla hatujahesabiwa.

Basi baada ya Isha tulifungue, tuangalie tulichotuma wiki hii. Ni jumbe ngapi zina alama ya mishale miwili, yaani zimekwisha kupita mikono mingi? Ni ngapi tuliuliza chanzo chake? Ni ngapi zinamtaja mtu kwa jambo tusilothubutu kulisema mbele yake? Tangu mwaka 2020, WhatsApp huruhusu ujumbe wenye mishale hiyo upelekwe sehemu moja tu kwa mara moja. Kampuni imeitilia breki pupa yetu. Sisi wenye imani tumeiwekea nini?

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamuru kuhakiki habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Wako wanaojitetea kuwa walichotuma ni kweli. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, likiwa kweli umemsengenya, na likiwa uongo umemzulia. Kwa hiyo kuhakiki peke yake hakutoshi. Yapo ya kweli yanayopaswa kukomea kwetu.

Katika mji mdogo kama wetu, tetesi moja hutosha kuvunja posa ya binti au kumkosesha mama lishe wateja wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu asambazaye uongo kwa makusudi, lakini hukumu ya mahakama hairudishi posa iliyovunjika.

Tuanze na wiki moja. Ujumbe usio na chanzo usitoke mikononi mwetu. Tuliyemtumia uongo tumtumie na masahihisho, katika kundi lile lile, na tuliyemdhulumu tumwombe radhi. Watoto wetu wanatutazama. Watakachokiona vidoleni mwetu ndicho watakachokirithi.

Wabillahi tawfiq.