Nailoni ukutani inakuozeshea mahindi

Ndugu mkulima, na wewe mnunuzi wa mazao hapa Ulyankulu, leo tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Hii tabia ya kukarabati nyumba ya zamani kwa kubandika nailoni kuta za ndani, iachwe.

Nyumba nyingi za tangu makazi yaanzishwe mwaka 1972 ni za tofali za udongo. Tofali hilo hunyonya maji ya ardhini wakati wa masika, kisha huyatoa hewani pande zote mbili. Ukibandika nailoni, maji yanabaki nyuma yake. Plasta inabanduka, mchwa wanakaribishwa, na gunia lililoegemea ukuta linaota ukungu.

Utaniambia fundi ameona kwenye simu wazungu wakifanya hivyo. Sawa. Kwenye baridi kali, mvuke hutoka ndani penye joto kwenda nje, ndiyo maana wao huweka nailoni upande wa ndani. Wewe una baridi gani hapa Tabora? Dawa ya mgonjwa mwingine usiinywe.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Anza nje. Chimba mtaro wa kutoa maji, refusha upenu wa bati. Ukiziba sakafu kabla ya mtaro, maji yatakimbilia ukutani.
2. Nailoni nzito mahali pake ni chini ya sakafu: kokoto, mchanga, nailoni, kisha zege. Maungio yapandane sentimita 30.
3. Ukuta wa udongo upake udongo au chokaa, usipake saruji.
4. Usitandaze nailoni juu ya dari. Usiku bati hupoa, mvuke hugeuka matone. Acha matundu yenye wavu, hewa ipite.
5. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Na usihifadhi mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yao wenyewe. Basi kabla ya kununua nailoni ya ukutani, nunua jembe la kuchimbia mtaro.