Deni Si Wizi: Tusiwafungie Vijana Mlango wa Kazi



Sisi tuishio Kiembeni twawaona vijana wetu wakivuka daraja la Nyali, bahasha mkononi, kwenda kisiwani kutafuta kazi ya serikali. Ndani ya bahasha mna shahada, lakini shahada pekee haitoshi. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi za umma yamedai hati tano: cheti cha mwenendo mwema cha polisi, hati ya Mamlaka ya Ushuru, ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), na ya mashirika ya kumbukumbu za wakopaji, yaani CRB. Zote hudaiwa kwa jina la Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010, inayohusu uongozi na uadilifu.

Hatuipingi Sura ya Sita, wananchi waliipigania. Wala hatukatai kwamba mtunza hazina aliyezongwa na madeni aweza kushawishika kwa hongo. Serikali ina haki ya kuuliza. Tunalolipinga ni kuuliza bila kusikiliza, na kumhesabu fukara kuwa mwizi.

Natupime kwa mizani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 99 humzuia muflisi asigombee ubunge, lakini muflisi hutangazwa na mahakama baada ya shauri kusikizwa. Kijana wetu hana hakimu: anayepeleka jina lake CRB ni yule yule anayemdai. Alikopa HELB ili asome, akahitimu, akakosa kazi. Sasa anyimwa kazi kwa kuwa hajalipa, naye hajalipa kwa kuwa hana kazi. Huo si uadilifu, ni mtego. Kwa upande wa pili, mwenye kulipa mikopo ya mamilioni kwa fedha za magendo hupata hati safi ya CRB, kwani hati hiyo haiulizi fedha zilitoka wapi. Je, ni nani kati ya hao wawili aliye hatari kwa mali ya umma?

Waumini wanamkumbuka mjane wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, ambaye mdai wake alikuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha hakumkemea kwa kukopa. Alimpatia mafuta ya kuuza, ili alipe deni na aishi na wanawe.

Twakiri kwamba hatua zimepigwa. Mwaka 2020 ilikatazwa kupeleka CRB jina la mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa: mwajiri asidai hati za namna hii mpaka akusudie kumpa mtu mkataba wa kazi. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo yamruhusu kuondoa ahadi ya kazi hati zikikosekana. Mlango umesogezwa mbele tu. Kufuli ni ile ile.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, deni lisiwe sababu ya kumkataa mtu kabla hajaelezwa na kusikilizwa. Pili, mdaiwa wa HELB aajiriwe, kisha akatwe mshahara kidogo kidogo mpaka amalize. Tatu, uchunguzi mkali wa mali uelekezwe kwa wenye kushika fedha na siri za nchi, wala si kwa kila karani na mfagizi.

Nanyi wanaharakati na viongozi wa makanisa, wafundisheni vijana haki zao: mkopeshaji hutakiwa kumjulisha mkopaji siku 30 kabla ya kupeleka jina lake CRB; mkopaji ana haki ya kupata taarifa yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na kuipinga ikiwa ina kosa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nasi twaongeza: dawa ya kulipa ni kazi.