Motakaa ya Kimarekani kwa Mshahara wa Karani

Mwezi huu meza ya gazeti letu imepokea barua nne zenye swali moja. Mbili zimetoka Busawe, moja Mugumu, na moja ng'ambo ya mto Mara, Nyamongo. Waandishi wake wote ni makarani kama sisi, na kila mmoja amekwisha onyeshwa motakaa iitwayo Toyota Voltz, akaambiwa ya kwamba ni imara kwa kuwa imeundwa Marekani, na ya kwamba asipolipa juma hili itachukuliwa na mwingine. Watuuliza, je, yafaa kununuliwa?

Pengine wako watakaosema kuwa ununuzi wa motakaa ni jambo la mtu na mkewe, wala haulihusu gazeti la chama. Sisi hatuoni hivyo. Karani wa wilaya zetu hanunui motakaa kwa fedha iliyokaa sandukuni. Huinunua kwa mkopo unaokatwa katika mshahara, mwezi kwa mwezi, kwa miaka mitano au sita. Twaijua kanuni inayotaka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na twawajua wenzetu walioifikia theluthi hiyo ilhali motakaa yenyewe imesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wataga mayai ndani yake. Deni la namna hiyo hula ada ya shule ya watoto. Kwa hiyo twaona yatupasa kusema.

Kwanza mnunuzi ajue anunua kitu gani. Hiyo Voltz ina jina la Toyota, na usukani wake uko kulia kama tutakavyo, lakini haikuundwa Japani. Iliundwa Fremont, katika jimbo la California, ndani ya kiwanda kilichoitwa NUMMI, ambacho General Motors na Toyota walikifungua kwa shirika mwaka 1984 katika majengo ambayo General Motors ilikuwa imeyafunga miaka miwili kabla. Huko Marekani motakaa hiyo iliuzwa kwa jina la Pontiac Vibe. Ile yenye usukani wa kulia ikavushwa bahari kwenda Japani, ikauzwa huko kuanzia mwaka 2002 hata mwaka 2004, kisha ikaachwa kwa kuwa Wajapani hawakuipenda sana. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2010, na mwaka huo huo kikanunuliwa na Tesla, waundao motakaa za umeme. Jina la Pontiac nalo lilikoma mwaka ule ule. Basi motakaa tunayoletewa hapa imekwisha pita Marekani, Japani, Dar es Salaam, na mikono ya watu ambao hatuwajui, na umri wake umepita miaka 20.

Habari hizi si za kujifurahisha tu. Ndani ya boneti mna injini ya Toyota iitwayo 1ZZ-FE, ya ujazo wa sentimita 1794, nayo ndiyo ile ile iliyotiwa katika Opa, katika Wish na Premio za ujazo huo, na katika baadhi ya RAV4. Fundi yeyote wa Tarime au Musoma amekwisha ifungua, na spea zake zapatikana. Lakini bodi ni ya Pontiac. Taa ya mbele, bampa, kioo cha pembeni, mlango wa nyuma, hivyo havilingani na motakaa nyingine zipitazo njia zetu. Mtu akigongwa na ng'ombe pale mnadani, injini itaendelea kuunguruma vizuri, lakini taa ataitafuta miezi mitatu, na akiipata ataona ni ile iliyong'olewa katika motakaa nyingine iliyokufa. Ndiyo maana twashauri ya kwamba katika Voltz mnunuzi aikague bodi kwa ukali zaidi kuliko angalivyoikagua Corolla. Ufa mdogo wa taa, ambao katika motakaa nyingine tungeupuuza, katika hii ni sababu ya kupunguza bei, na kioo cha nyuma, ambacho katika motakaa hii hufunguka peke yake bila mlango wote kuinuliwa, kifunguliwe na kufungwa mara kadhaa mbele ya mwenyewe.

Twastaajabu sana kwa jambo moja. Watu wa nchi yetu ni mabingwa wa kununua ng'ombe. Hakuna mzee wa Busawe atakayetoa fedha kwa ng'ombe asiyemwona akitembea. Atamtazama meno, atampapasa nundu, atauliza alikotoka na mama yake alizaa mara ngapi, tena atamwendea asubuhi kabla hajanyweshwa maji. Mtoto wa mzee huyo huyo, aliyesoma hata akapewa kalamu ya Serikali, hununua motakaa kwa picha aliyotumiwa katika simu.

Na iendewe, basi, kama ng'ombe, yaani asubuhi, injini ikiwa baridi. Mnunuzi aliyefika akakuta injini imekwisha washwa na ina joto, na aage kwa adabu, arudi siku nyingine. Injini ya moto huficha mengi.

Maradhi makubwa ya injini hiyo ya 1ZZ-FE, hasa zile za miaka ya kwanza, ni kunywa oili. Mafundi hulieleza hivi: matundu madogo ndani ya pistoni, yaliyowekwa ili oili irudi chini, huziba kwa masizi, pete za pistoni zikashindwa kuipangusa oili ukutani, nayo ikaungua pamoja na petroli. Injini hiyo huchukua oili lita tatu na nusu na kidogo zaidi, kwa hiyo ikinywa lita moja kati ya Mugumu na Mwanza, kwenda na kurudi, mara mbili tatu tu mwenyewe asipoangalia imekauka. Muuzaji mjanja hutia oili nzito siku ile ya kuuza, na moshi hupungua kwa siku chache. Kwa hiyo kutazama bomba la moshi motakaa ikiwa imesimama hakutoshi. Na ipandishwe mlima, kisha iteremshwe mteremko mrefu, mguu ukiwa umeondolewa katika petroli. Ifikapo chini, mguu ukanyage, na mtu wa pili aliyeketi nyuma atazame. Moshi wa buluu ukitoka hapo, hiyo ndiyo habari yenyewe. Tena plagi zote nne zifunguliwe. Plagi kavu ya rangi ya kahawa hafifu ni njema. Iliyolowa oili au yenye ganda jeusi la kung'aa haina maelezo mengine, hata muuzaji akiapa. Heri ya injini hii ni kuwa ina cheni ya ndani badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya safari fulani, lakini cheni iliyonyimwa oili hulia, na mlio wake husikika zaidi dakika ile ya kwanza ya kuwasha.

Jambo la taa za dashibodi twataka lisomwe mara mbili. Ufunguo ukizungushwa kabla injini haijawaka, taa zote za onyo huwaka, ya injini, ya breki, ya mfuko wa hewa. Injini ikiisha kuwaka huzimika moja moja. Wengi hutazama kama zimezimika, wakafurahi. Atazame kwanza kama ziliwaka! Taa ya injini isiyowaka kabisa ufunguo uzungushwapo imetolewa au imezibwa na mtu aliyechoka kuitazama.

Kuhusu kilomita, hesabu yetu ni ya kikarani tu. Motakaa iliyokwenda kilomita 12,000 kwa mwaka, kwa miaka 20 imekwenda 240,000. Ikiwa saa yake yaonyesha 88,000, na kanyagio la breki limelika hata mpira umeisha, basi mojawapo ya hivyo viwili lasema uongo, na kanyagio halina ulimi. Giaboksi yake, ambayo aghalabu ni ya kujibadili yenyewe yenye gia nne, ijaribiwe kwa kurudi nyuma: ikikawia kushika, au ikishika kwa kishindo, au oili yake ikinuka kuungua, hapo pana gharama kubwa. Wako pia wauzao Voltz yenye injini nyingine, 2ZZ-GE, iliyotengenezwa kwa msaada wa Yamaha, nayo ni ya mbio na yataka petroli ya daraja la juu. Karani wa tarafa hana haja nayo.

Puti hutafutwa kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: penye chuma itashika, penye puti nene itateleza. (Lakini upande wa chini wa milango ya Voltz una mabamba ya plastiki tangu kiwandani, mwanachama mmoja wa Mugumu alimtuhumu muuzaji kwa hayo, wakataka kupigana.) Mtu alale chini aitazame tumbo. Motakaa hii si ndefu kwa miguu, ingawa madalali huiita ya porini. Hata ile inayovuta magurudumu yote manne haikuundwa kwa udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika. Mawe ya njia zetu huacha alama chini ya sampo ya oili na katika shafti iendayo nyuma, na alama hizo hazipakiki rangi zikafichika.

Liko jambo jingine ambalo muuzaji mwenyewe huenda halijui. Pontiac Vibe za miaka ile zilikuwamo katika orodha ya motakaa zilizoitwa zirudishwe ili zibadilishwe mfuko wa hewa wa Takata. Dawa ya kulipulia mfuko huo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata siku ya ajali, badala ya kumlinda mtu, kopo lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa hayo katika nchi mbalimbali, na kampuni ya Takata ilifilisika mwaka 2017. Voltz ni ndugu wa tumbo moja na Vibe. Nchi yetu ina joto la kutosha. Mwenye kununua na aulize kwa namba ya chesisi, ianzayo kwa herufi ZZE, kama kazi hiyo ilifanywa kabla haijaondoka Japani. Na kama hapana uthibitisho, asimketishe mkewe wala mtoto kiti cha mbele mpaka fundi stadi ameishughulikia.

Sasa karatasi. Kadi iwe ya asili, jina lililomo liwe la huyo auzaye, na namba ya chesisi isomwe katika chuma chenyewe. Kadi yenye jina la benki maana yake deni halijaisha. Faini za barabarani nazo hutafutwa kwa namba ya motakaa kabla ya kulipa, wala si baada. Mauziano yaandikwe mbele ya wakili na umilikaji ubadilishwe katika ofisi ya TRA mara moja. Wako wenzetu waliokaa miaka mitatu na kadi ya mtu mwingine, na mtu huyo akafariki, wakaanza kutafuta warithi. Na wale wanaoshawishiwa na bei za Isebania, wajue kuwa motakaa yenye namba ya Kenya haiwi ya Mtanzania kwa kuvushwa Sirari. Ushuru wa kwetu hudaiwa, na motakaa iliyopita miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu juu yake. Aliyeivusha kwa kibali cha muda na kibali kikaisha hana motakaa, ana kesi.

Hukumu yetu ni hii. Voltz si motakaa mbaya. Ikipatikana isiyokunywa oili, yenye bodi nzima na kadi safi, yaweza kumtumikia karani, na kumfikisha mgonjwa hospitali ya Mugumu usiku. Lakini bei yake iwe chini ya ile ya motakaa za Toyota za umri huo zenye injini ile ile, kwa sababu ya taabu ya spea za bodi. Muuzaji adaiye zaidi ati kwa kuwa ni ya Kimarekani, na aachiwe Umarekani wake. Tena mnunuzi asitumie mkopo wote kununua. Sehemu moja katika tano ibaki kwa matairi, shokapu, bushi na yale ambayo miezi mitatu ya kwanza itafunua. Asiyeweza kubakiza hiyo, pikipiki si aibu, na wale wanaowacheka wenzao waendao kazini kwa pikipiki wangefanya vema kutuonyesha salio la mishahara yao.

Twapendekeza chama kiweke daftari katika ofisi ya katibu, ambamo kila mwanachama aliyenunua motakaa ataandika aina yake, mwaka, alipoinunua, na fedha alizozitoa kwa fundi katika mwaka wa kwanza, bila kuficha. Tena kamati imchague fundi mmoja wa kuaminika Tarime na mmoja Mugumu, wasiouza motakaa wala kupokea chochote kwa madalali, ili mwanachama awalipe kwa siku moja ya ukaguzi. Hoja hii imekwisha kabidhiwa katibu kwa mkutano ujao. Wale waandishi wanne twawaomba wasilipe kitu kabla ya siku hiyo, na yule wa Nyamongo, aliyetuandikia kuwa amekwisha toa arbuni, na alete stakabadhi yake tuitazame pamoja.